Waya wa Nne

Kazini wananiita Kamba. Jina lilianza kwa sababu ya wembamba wangu. Wembamba umeshaniaga zamani, lakini jina limeng'ang'ania kwa sababu kazi yangu ni kuvuta. Miaka ishirini na miwili nimevuta kebo za umeme mkubwa ndani ya mabomba yaliyofukiwa: chini ya barabara, chini ya viwanda, na mara moja chini ya bwawa la kuogelea ambalo wenyewe waliendelea kuogelea juu ya vichwa vyetu. Ninayotaka kusimulia ni habari ya kebo tatu na waya mmoja tulizozipitisha chini ya barabara ya hospitali, na ya shemeji yangu, aliyenionyesha kwamba nusu ya kazi niliyokuwa najisifia nilikuwa siijui.

Shemeji huyu ni mke wa mdogo wangu. Nyumbani ni mtu wa utani. Akija kwangu anafunua sufuria zote jikoni, kisha anamuuliza mke wangu kama kweli alinichagua mwenyewe au alikuta wengine wameshaisha. Kampuni yetu ilipomwajiri kuwa injinia wa kebo, hakuna aliyeniambia. Nilimkuta tu asubuhi moja ofisini, kwenye meza ya dirishani, mbele yake kipande cha kebo kilichokatwa mviringo kama tango, anakipima.

"Shem," akasema bila kuinua macho, "kumbe huyo Kamba wanayemtaja kila saa ndiye wewe."

"Ndiye mimi."

"Basi shika hiki. Kina milimita ngapi kutoka ukingo huu hadi ule?"

Nikakigeuza mkononi, nikakibonyeza kidogo kwa kidole gumba. "Thelathini na tano."

"Thelathini na sita. Umekosea kwa moja. Wenzako humu ndani wote wamekosea kwa tano na zaidi."

Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Mchana ule niliwaambia vijana wangu wa kuvuta kwamba injinia mpya anajua watu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hospitali ilikuwa inaongezewa jengo, na ilihitaji njia yake yenyewe ya umeme wa volti elfu kumi na moja, kutoka kituo kidogo cha umeme kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Mita mia moja na sitini za bomba chini ya ardhi, kona mbili. Ndani ya bomba zipite kebo tatu nene, na pamoja nazo waya wa nne, wa kijani na njano, mnene kama kidole changu cha shahada. Huo ndio waya wa ardhi.

Kwa asiyeijua kazi hii, waya wa ardhi ni kitu cha ajabu kidogo. Kebo tatu zinafanya kazi mchana na usiku, zinapeleka umeme. Wa nne hauna unachopeleka. Unalala tu pembeni ya wenzake mwaka hadi mwaka, unasubiri siku moja ya hitilafu ambayo huenda isifike. Sisi kwenye kikosi changu tuliupa jina. Tuliuita Baba Mkwe: hafanyi kazi yoyote, lakini popote mnapokwenda lazima apewe nafasi.

Mchoro wa shemeji ulitaka bomba la milimita mia moja na hamsini. Stoo ilikuwa na mabomba ya milimita mia moja, yamejaa hadi mlangoni. Yale makubwa yalikuwa njiani, na njia hiyo ilikuwa ndefu. Siku tatu shemeji hakuwepo, alikwenda kumuuguza mama yake. Katika siku hizo tatu msimamizi wa mradi akanifuata pale mferejini. Alikuwa mtu mrefu aliyezungumza huku amekunja mikono, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali ambalo ameshalijibu.

"Kamba, wewe ni mkongwe. Haya ya mia moja hayatoshi kweli?"

Kanuni ninayoijua ni moja, nayo ni nzuri: kebo zikiwa tatu au zaidi, zisijaze bomba zaidi ya sehemu arobaini kwa mia. Zinazobaki sitini ni za hewa, za kupumulia na za kuvutia. Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikaigeuza, nikapiga hesabu. Eneo la kebo tatu, nikaongeza la Baba Mkwe, nikagawanya kwa tumbo la bomba, ambalo kwa ndani lilikuwa milimita mia moja na tatu. Ikaja thelathini na nane na nusu.

"Yanatosha," nikasema.

"Nilijua," akasema msimamizi. Akanipa fomu, nikatia saini. Siku mbili baadaye bomba lilikuwa chini, limemwagiwa zege, mfereji umefukiwa, na lami mpya inang'aa juu yake.

Shemeji aliporudi hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisimama ukingoni mwa barabara akaiangalia lami, kisha akaniomba ile karatasi ya saruji, akaisoma mstari kwa mstari.

"Hesabu yako ni sahihi, shem."

"Sasa?"

"Ni sahihi, na haitoshi. Ulihesabu kama zinaingia. Hukuhesabu kama zinapita."

Sikumwelewa, na kwa kuwa sikumwelewa, nilikasirika. Nilijiambia moyoni kwamba hawa wa vitabuni wakikosa sababu wanatafuta maneno. Yeye akaandika barua ya kupinga, msimamizi akaipokea, akaiweka kwenye faili, akapanga siku ya kuvuta.

Siku yenyewe ilikuwa na jua kali. Magurudumu matatu makubwa ya mbao yenye kebo tuliyasimamisha upande wa kituo, na la nne, dogo, la waya wa ardhi, pembeni. Upande wa hospitali niliweka winchi, mashine ya kuvutia, na kwenye kamba yake nikaning'iniza kipimo kinachosema nguvu ya mvuto. Kebo zile zilivumilia tani mbili na nusu. Zaidi ya hapo zingejeruhiwa ndani hata kama nje zingeonekana nzima. Tukazipaka mafuta ya kulainisha, mengi, mpaka mikono yetu yote ikawa kama imetoka kwenye sahani ya supu. Nikainua mkono. Winchi ikaanza.

Mita hamsini za kwanza zilikwenda vizuri. Kona ya kwanza ikapita, kipimo kikapanda kidogo kikatulia. Nilimtupia shemeji jicho. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia mshale.

Kwenye mita ya tisini na moja, kona ya pili, mshale ukaruka. Haukupanda, uliruka, kutoka nusu tani hadi tani mbili, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kamba ya winchi ikalia. Nikasimamisha winchi. Tukasubiri, tukaongeza mafuta, tukajaribu tena taratibu. Mshale ukaruka palepale. Tukajaribu kuvuta kwa kurudisha nyuma, na hapo ndipo nilipojua tuna jambo, kwa sababu hazikurudi pia.

Nimeshawahi kukwama. Hukwama kwa jiwe lililoingia, kwa maungio yaliyoachia, kwa bomba lililobonyea. Tukapitisha kamera kutokea upande wa pili. Bomba lilikuwa safi kama limeoshwa. Hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na kebo tatu tu, zimesimama.

Msimamizi akakunja mikono. "Toeni huyo Baba Mkwe wenu," akasema. "Nafasi inabana, na yeye ndiye wa ziada. Tumchimbie kamfereji kake kule pembeni, mita mbili, apite peke yake. Hizi tatu zitapita."

Vijana wangu walikubali kwa vichwa. Na mimi, nasema ukweli, niliona ni wazo zuri.

Shemeji alikwenda kwenye gari lake, akarudi na mfuko. Ndani mlikuwa na pete iliyokatwa kutoka kona ya bomba la aina ileile, na vipande vitatu vya kebo vilivyokatwa mviringo, na kimoja kidogo cha waya wa ardhi. Akaviweka juu ya kifuniko cha boksi la vifaa.

"Shem, ziingize."

Nikaziingiza kwenye pete. Zikakaa kwa pembetatu, mbili chini, moja juu, kile kidogo kikajipenyeza pembeni. Nafasi ilikuwa tele. Nikamwangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Sasa bonyeza ile ya juu. Kwenye kona ndivyo inavyofanyika, kamba inavuta, ile ya juu inalazimishwa kushuka katikati ya wenzake."

Nikaibonyeza kwa kidole. Ikashuka. Zile mbili za chini zikafunguka kama watu wanaompisha mgonjwa, ya tatu ikaingia katikati, na zote tatu zikawa zimelala mstari mmoja, bega kwa bega, kutoka ukuta hadi ukuta. Na hapo zikaganda. Nikasukuma kwa kidole gumba, nikasukuma kwa kiganja. Nikaipiga pete kwenye boksi. Hazikutoka.

"Thelathini na sita mara tatu," akasema.

Nilifikiri polepole. "Mia moja na nane."

"Na bomba ni mia moja na tatu, lakini likikunjwa kona tumbo lake linatanuka kidogo, linakuwa kama yai. Linafika mia moja na nane." Akachora yai kwa kidole juu ya kifuniko. "Bomba lingekuwa jembamba zaidi, zisingeweza kulala mstari, zingebaki pembetatu. Lingekuwa pana zaidi, zingelala na nafasi ikabaki. Wewe umezipa upana uleule ambao unazifunga. Baba Mkwe hahusiki. Mtoe, mrudishe, hizi tatu zitafungana zenyewe."

Nilikuwa bado nimeshika ile pete. Miaka ishirini na miwili. Kila kebo niliyovuta ikapita, nilidhani ni mikono yangu. Kumbe kila mara kulikuwa na hesabu imekaa mle gizani, kimya, inaamua, na mimi nilikuwa nimebahatika tu kupita kushoto kwake au kulia. Haikuwa na hasira na mtu. Haikujua kama mimi ni mkongwe. Tatu mara thelathini na sita ilikuwa mia moja na nane kabla sijazaliwa.

"Na hata kama hilo lingesaidia," shemeji akamgeukia msimamizi, "waya wa ardhi hautoki. Kebo ikiharibika, umeme unatafuta njia ya kurudi. Nataka njia hiyo iwe karibu, bega kwa bega na ulipotokea. Mita mbili pembeni, kwa umeme unaorudi kwa kishindo, ni mbali."

Msimamizi akanigeukia mimi. "Kamba, wewe unasemaje?"

Nilijua anachotaka niseme. "Tuchimbe upya," nikasema. "Na fomu ya yale mabomba niliisaini mimi. Andika hivyo."

Tulichimba. Barabara ilifungwa upande mmoja wiki mbili na nusu, na kila dereva aliyepita alitueleza maoni yake. Kebo zile zilizokwama tulizikata, tukazitoa vipande vipande, na kwenye kona tukazikuta vilevile kama kwenye pete: tatu, mstari mmoja, zimekumbatiana na ukuta. Msimamizi alishuka mferejini kuziona. Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyohitaji, na alipopanda alikuwa amekunjua mikono.

Yale makubwa yalifika. Tukalaza bomba la mia na hamsini. Safari hii nilipiga hesabu nne, na mbili kati yake nilimwomba shemeji anifundishe. Kujaa, ikaja sehemu kumi na saba kwa mia, yaani bomba karibu lote ni hewa. Kufungana, haiwezekani, kebo tatu kwa mstari zinaacha nafasi ya kebo ya nne na zaidi. Mvuto kwenye mstari mnyoofu. Mvuto baada ya kila kona, maana kona haijumlishi kwenye mvuto, inauzidisha. Aliponionyesha hilo la mwisho nilimwomba arudie, si kwa kutoelewa. Nilitaka tu kuliona tena.

"Jibu ni ngapi?" akaniuliza.

"Kilo mia nne na themanini, zikifika upande wa hospitali."

"Haya. Iandike ukutani."

Nikaiandika kwa chaki kwenye ukuta wa chemba, shimo kebo zinapotokea, ule upande wa winchi, mbele ya vijana wote, kama mtu aliyetangaza posa. Kisha nikainua mkono.

Zilikwenda. Sijui niseme vipi. Zaidi ya tani nzima ya shaba na plastiki ikatambaa chini ya barabara yenye malori juu yake, ikakunja kona ya kwanza, ikakunja ya pili, na sauti pekee ilikuwa ya magurudumu ya mbao yakizunguka na mafuta yakilia ndani ya bomba kama mtu anayekunywa uji. Kichwa cha kebo kilipochungulia upande wetu, kinang'aa, kimelowa, na Baba Mkwe kijani na njano pembeni yao, niliangalia mshale. Kilo mia tano na kumi.

Kijana mmoja wangu, anayepinga kila kitu, hata jua kuchomoza, alikwenda akasoma chaki ukutani, akarudi akasoma mshale, akakaa chini. "Injinia alijuaje?" akaniuliza. "Tulikuwa hatujavuta bado, alijuaje?"

"Nilijua mimi," nikasema. Na baada ya kidogo, kwa kuwa haikuwa kweli hasa, "Hesabu ilijua."

Hospitali ikawashwa. Miezi minane ikapita. Tukaenda kwenye kazi nyingine, na mambo ya barabara ile yangesahaulika kama lisingepasuka bomba la maji.

Lilipasuka kando ya barabara ileile, adhuhuri ya siku ya kazi. Idara ya maji ikaleta kikosi haraka, na kwa haraka hiyo hawakuuliza mtu kuna nini chini. Tulikuwa tumetandaza utepe wa manjano wa kuonya juu ya njia yetu, lakini mfereji ulikuwa umejaa maji ya matope, utepe haukuonekana. Kiongozi wao alikuwa fundi bomba, mtu mfupi wa makamo. Alisimama ndani ya maji hadi magotini, mkono wa kushoto ameuegemeza kwenye mkono wa tingatinga la kuchimbia, wa kulia anamwelekeza dereva: shusha, shusha kidogo, shusha.

Jino la ndoo ya tingatinga likatoboa zege, likatoboa bomba letu, likaingia ndani ya kebo.

Waliokuwa kwenye kituo cha basi walisema waliona mwanga mweupe na kusikia kishindo kama cha tairi la lori. Fundi bomba alirushwa akaangukia matako ndani ya maji. Dereva alikaa kwenye kiti chake ameshika mapaja yake mwenyewe. Hospitali ilizimika, jenereta yao ikawaka baada ya sekunde kumi na mbili, na daktari mmoja wa upasuaji, nilivyosikia, alihesabu zote kumi na mbili kwa sauti.

Mimi na shemeji tulifika pamoja. Tukahakikisha njia imekatwa pande zote mbili, tukapima, tukafunga, ndipo tukashuka. Fundi bomba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, amefunikwa blanketi la gari la wagonjwa, anatetemeka na kuomba maji ya kunywa. Mtu mzima aliyekuwa amesimama ndani ya maji, ameshika chuma, chuma kimeshika volti elfu kumi na moja. Nimeona mtu mmoja katika maisha yangu aliyeshika kwa namna hiyo. Sikumwona akiomba maji.

Maji ya mfereji yaliponyonywa, shemeji alipiga magoti kwenye matope. Jino la tingatinga lilikuwa limeyeyuka ncha, limekuwa duara kama mshumaa uliotumika. Lilikuwa limekatiza kebo moja, na kwa kuwa zilikuwa zimelala pamoja, lilikuwa limelalia waya wa ardhi wakati huohuo. Ganda la kijani na njano lilikuwa limeungua urefu wa shubiri moja. Ndani, shaba ilikuwa nyeusi. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika. Nyingine zote zilikuwepo.

"Umebeba," shemeji akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Kwenye kituo cha umeme kuna kifaa kinacholinda njia, na kikikata kinaandika kilichotokea. Tukaenda kukisoma. Chumba kilikuwa kidogo, na baridi, na kinaunguruma. Shemeji akabonyeza, maandishi yakaja kwenye kioo, akayasoma mara mbili. Kisha akanisomea.

"Ampea elfu sita na mia mbili."

"Kwa muda gani?"

"Sekunde sifuri nukta moja moja."

Nilikuwa nimeegemea mlango. "Nisaidie, shem. Sekunde hiyo ni kiasi gani?"

"Pepesa jicho."

Nikapepesa.

"Umechelewa. Ilishakwisha, swichi imeshafunguka."

"Na hizo elfu sita?"

"Nyumbani kwako, pasi ikiwa imewashwa na friji inafanya kazi, unatumia labda kumi. Nyumba mia sita na ishirini, mtaa mzima na mtaa wa pili, zote zinapiga pasi. Huo wote uliingia mle kwa mara moja. Ulitafuta pa kwenda. Ungeweza kwenda kwa yule bwana." Akafuta kioo kwa kiganja. "Ukaona njia iliyo rahisi zaidi. Na kwa kuwa njia ilikuwa rahisi, ulikwenda mwingi mno, na kwa kuwa ulikwenda mwingi mno, kifaa hiki hakikuwa na shaka, kikakata."

Nilikaa juu ya ndoo iliyokuwa pale. Nilifikiria waya ule umelala miezi minane gizani bila kufanya lolote, na sisi tukiucheka. Kisha ikafika sehemu moja ya tisa ya sekunde, ukafanya kazi yake yote, ukarudi kulala.

"Kama tungeutoa," nikasema. "Kama ungepita mita mbili pembeni. Angekufa?"

Nilitegemea atasema ndiyo. Nadhani nilitaka aseme ndiyo.

"Sijui, shem. Kila kebo ina shaba yake nyembamba imeizunguka, ingebeba sehemu. Labda angepona. Labda kifaa kingesita kidogo, na kusita kidogo kunatosha. Sitakwambia kitu nisichokijua. Najua tu kilichotokea, na kilichotokea ni kwamba anakunywa maji."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Alinitazama, akatabasamu kwa kujilazimisha. "Usimwambie mdogo wako kwamba nimelia kwa sababu ya waya. Atasema sijawahi kulia kwa sababu yake."

Tulikata sehemu iliyoungua, tukaunganisha upya, tukapima siku mbili, tukawasha. Wiki ya tatu baada ya hapo, mlinzi wa getini akanipigia simu kwamba kuna mume na mke wanatutafuta.

Alikuwa fundi bomba. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi siku nne, akasema, sasa umerudi, isipokuwa kidole kidogo kinachojifanyia mambo yake. Mkewe alikuwa mwanamke mkubwa, mtulivu, aliyevaa viatu vya kutokea. Yeye ndiye aliyesema walichokuja kufanya.

"Tumeambiwa kuna waya. Tumekuja kuuona."

Shemeji akawakaribisha viti. Mimi nikaenda stoo, nikaleta kile kipande kilichoungua, kimekatwa kwa msumeno pande zote mbili, kina lebo ya ripoti. Nikampa fundi bomba. Akakigeuza. Akapitisha kidole pale penye nyuzi tatu zilizokatika. Niliona anajitahidi kuwa na adabu.

"Ni huu tu?"

"Ni huu tu," nikasema.

"Mimi nilidhani…" Akanyoosha mikono kuonyesha kitu cha unene wa paja. "Huu ni kama mpira wa bustani. Mimi nafunga mabomba makubwa kuliko huu kwenye masinki."

"Umeme wote ulipita humu?" mkewe akauliza.

"Karibu wote, mama," shemeji akasema.

Mke akanyoosha mkono, mumewe akampa. Aliushika ule waya kwa mikono miwili, mapajani, na hakuuangalia; alimwangalia mumewe. Alimwangalia kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka viatuni, kama mtu anayehesabu watoto waliorudi kutoka safari. Mchapaji wa jirani aliacha kuchapa.

"Tunaweza kuuchukua?" akauliza mwishowe.

Nikamwangalia shemeji. Kanuni ya kampuni ni kwamba shaba yote, hata kipande cha kucha, inarudi stoo. Shemeji akavuta droo, akatoa fomu ya kutolea vifaa, akaijaza kwa mwandiko wake uleule wa michoro. Kifaa: waya wa ardhi, umetumika. Urefu: sentimita thelathini. Sababu ya kutolewa. Hapo kalamu ikasita. Akaandika neno, akalifuta, akaacha mstari ukiwa mtupu, akatia saini. Kisha akanisogezea mimi nami nisaini chini yake.

Nikasaini.

Niliwasindikiza kupita geti, hadi barabara ya hospitali. Waliondoka kwa miguu kuelekea hospitali, mke amebeba mkoba, mume anamwuliza watauweka wapi, na mke anamjibu kwamba juu ya kabati hapafai, pana unyevu. Walipofika kwenye kiraka cha lami mpya, pale lilipochimba tingatinga, fundi bomba alisimama. Aliangalia chini muda kidogo. Malori yalipita. Halafu akamshika mkewe mkono, wakakizunguka.